Elimu Bila Amali: Kuchonga Maumbo kwa Kompyuta

Wako watu miongoni mwetu, na baadhi yao ni wazazi wenye nia njema kabisa, ambao wamwonapo kijana ameketi mbele ya kompyuta akigeuza-geuza umbo la kiti au la gari, husema kwamba anacheza. Wako na wengine, nao ni walimu, wasemao kwamba huo si mchezo bali ni sayansi ya juu mno, isiyofaa kuguswa na mwanafunzi mpaka awe amekwisha kusoma nadharia miaka mingi. Makundi haya mawili yaonekana kupingana, lakini kwa maoni yetu yametumbukia katika kosa moja. Yote mawili hayakuona kwamba kazi ile ni ufundi, kama ulivyo useremala na ushonaji, na ya kwamba ufundi haujifunzwi ila kwa kutenda.

Twalisema jambo hili wakati huu kwa sababu inayoeleweka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika shule za sekondari, sambamba na mkondo wa elimu ya jumla. Neno amali si geni kwa Waswahili. Wazee walikwisha kusema zamani kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Basi neno limeingia katika sera. Lililobaki ni kuliingiza darasani. Na hapo ndipo penye hatari, maana neno zuri laweza kuandikwa juu ya mlango, na ndani ya mlango mambo yakaendelea kama zamani: mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili daftarini, na kompyuta imefunikwa kitambaa isipate vumbi.

Kwanza na tueleze kazi yenyewe, kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawajapata kuiona. Kompyuta haijui kiti wala mtungi. Ijuacho ni tarakimu. Kwa hiyo fundi atakaye kuunda mtungi ndani yake hana budi kuweka nukta nyingi, kila nukta na vipimo vyake vitatu: upana, kimo na kina. Nukta huunganishwa kwa mistari, na mistari ikizunguka pande tatu au nne hufanya kipande bapa. Vipande hivyo vikiunganishwa, kama vipande vya ngozi katika mpira wa miguu, hupatikana umbo zima, nalo laweza kugeuzwa na kutazamwa kila upande. Vipande vikiwa vichache mno, mtungi huwa na pembe pembe kama sanduku. Vikiwa vingi mno, kompyuta huelemewa. Kujua ni vingapi vyatosha, na vikae wapi, ndio ufundi wenyewe, wala hakuna kitabu kiwezacho kumtajia mtu idadi hiyo kabla hajajaribu.

Umbo likiisha, bado li tupu, kama nyumba isiyopigwa lipu. Hapo huja kazi ya pili, nayo ni kulivika ngozi. Fundi hulipasua umbo kwa mishono, akalikunjua mpaka likalala bapa, kama vile fundi cherehani afumuavyo kanzu kuukuu ili apate kielelezo cha kukatia kitambaa kipya. Juu ya ubapa ule huchora au hubandika picha: rangi ya mbao, kutu ya chuma, ufa wa udongo. Kisha umbo hurudi kama lilivyokuwa, na picha hulifuata. Aliyeweka mishono mahali pabaya ataona nyuzi za mbao zimekatika katikati ya ubao. Aliyepiga picha yake juani ataona kivuli cha jioni kimeganda juu ya kitu chake, hata anapokihamishia chumbani penye taa. Makosa ya namna hii mwanafunzi hayaelewi kwa kuhadithiwa. Huyaelewa siku yanapomtokea, na siku hiyo huwa amejifunza.

Sasa na tutazame ufundi huu ulikua wapi, maana wengi hudhani kwamba wote ulitoka katika viwanda vya sinema vya Hollywood. Sivyo. Sehemu kubwa ya misingi yake iliwekwa na wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City, huko Marekani. Mwaka 1965 David Evans alirudi katika mji wake wa kuzaliwa kuanzisha masomo ya kompyuta chuoni hapo, na mwaka 1968 akajiunga naye Ivan Sutherland. Mengi ya waliyotaka kuyajua yalikuwa hayajaandikwa katika kitabu chochote. Kwa hiyo mwanafunzi hakuambiwa akariri. Alipewa jambo la kulifanya, akalifanya.

Mwaka 1971 Henri Gouraud, mwanafunzi aliyetoka Ufaransa, alitaka kuonyesha jinsi vipande bapa vinavyoweza kuonekana laini kwa kuchanganya mwanga kutoka pembe moja ya kipande hadi nyingine. Alihitaji umbo la kujaribia. Hakwenda kulitafuta mbali: alimwomba mkewe, akamchora mistari usoni, akampiga picha, akapima nukta katika picha zile, na uso wa mkewe ukaingia katika kompyuta.

Mwaka 1972 Sutherland na wanafunzi wake walilichukua gari la mke wa Sutherland, Volkswagen lile dogo lenye mgongo wa kobe, wakachora nukta na mistari juu ya bati lake, kisha wakapima mahali pa kila nukta kwa fito za kupimia. Darasa zima lilizunguka gari moja. Mmoja wao alikuwa Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, ambaye mwaka 1973 alitoa njia bora zaidi ya kukokotoa mng'ao wa nuru juu ya umbo. Alifariki mwaka 1975 akiwa bado kijana, lakini jina lake lingali likitajwa katika programu za kazi hii hata leo.

Mwaka huo huo wa 1972 mwanafunzi mwingine, Edwin Catmull, aliutia mkono wake wa kushoto katika plasta, akapata sanamu yake, akachora juu ya sanamu ile vipande vipatavyo 350, akapima pembe zake, akaziandika katika kompyuta. Pamoja na mwenzake Fred Parke alifanya filamu fupi ya mkono ule ukikunja na kukunjua vidole. Ilikuwa kazi ya mwanafunzi. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa na taifa lile. Miaka miwili baada ya filamu hiyo, yaani mwaka 1974, Catmull alieleza katika tasnifu yake jinsi ya kuibandika picha juu ya umbo lililopinda. Hiyo ndiyo ngozi tuliyoieleza hapo juu. Na mwaka 1978 Jim Blinn, aliyesoma chuoni hapo hapo, akaonyesha jinsi ya kuifanya ngozi hiyo ionekane ina makunyanzi na vinundu, bila kuongeza nukta hata moja katika umbo.

Tena mwaka 1975 Martin Newell, naye akiwa mwanafunzi wa utafiti, alihitaji kitu cha kujaribia hesabu zake za mipindo. Mkewe akamwambia achore vyombo vyao vya chai. Akalichora birika katika karatasi ya miraba, akalihamisha katika kompyuta, kisha akawaachia wengine tarakimu zake wazitumie bila malipo. Birika lile limetumiwa na watafiti na wanafunzi wa dunia nzima kwa muda wa miaka hamsini.

Msomaji atazame orodha hiyo: uso wa mke, gari la mke wa mwalimu, mkono wa mtu mwenyewe, birika la nyumbani. Hapana hata kimoja kilichoagizwa kutoka mbali. Kila kimoja kilikuwa karibu, kiliweza kushikwa, na kiliweza kupimwa tena iwapo kipimo cha kwanza kilikosewa. Hilo ndilo jambo tunalotaka walimu wetu walishike. Mwanafunzi aundaye joka la kubuni hawezi kuambiwa kwamba amekosea, maana hakuna aliyeliona joka. Lakini aundaye birika lililo mezani, mtu yeyote atamwonyesha kwamba mkono wa birika umepanda mno. Kitu cha kweli ni mwalimu wa pili darasani, tena ni mwalimu asiyechoka wala asiyependelea.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba wenzetu wale walifanikiwa kwa bidii peke yake. Walikuwa na fedha za serikali yao, zilizopitia idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi, na mashine zao zilikuwa za thamani kubwa mno. Ndiyo sababu kwa miaka mingi baadaye ufundi huu ulikaa katika mikono ya wachache. Catmull alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Pixar mwaka 1986, na filamu yao ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1995. Nchi maskini ilibaki mtazamaji, ikinunua tiketi.

Lakini hali hiyo imebadilika, na mabadiliko yake yanatuhusu. Huko Uholanzi Ton Roosendaal aliunda programu ya kuchongea maumbo iitwayo Blender. Kampuni iliyoiuza ilifungwa mwaka 2002. Badala ya kuiacha programu ife, watumiaji wake walichanga Yuro 100,000 katika muda wa majuma saba, wakawalipa wenye haki zake, na tarehe 13 Oktoba 2002 ikatolewa iwe programu huria: mtu yeyote aichukue, aitumie, aifungue aone ilivyoundwa, na aitengeneze apendavyo kwa masharti ya leseni yake. Sisi tulioimbishwa nyimbo za ushirika tangu utoto hatuna haja ya kufafanuliwa maana ya tendo hilo. Ni watu wengi wenye vichache wakinunua kwa pamoja kile ambacho hakuna mmoja wao angeweza kukinunua.

Wala asiseme mtu kwamba cha bure ni dhaifu. Filamu iitwayo Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi ambayo watu wake hawafiki milioni mbili, iliundwa kwa programu hiyo hiyo. Mwezi Machi mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni, ikazishinda kazi za makampuni yenye mali isiyohesabika.

Basi udhuru wa bei ya programu umekwisha. Umebaki udhuru wa mashine na umeme, nao si wa kudharauliwa. Mchagua jembe si mkulima, lakini hata huyo mkulima asiyechagua lazima awe na jembe. Shule iliyotajwa kuwa ya mkondo wa amali bila umeme wa kuaminika na bila kompyuta imepewa jina tu, na ni wajibu wa wenye madaraka kuitimizia. Hata hivyo tunasema pia kwamba shule yenye kompyuta kumi zilizofungiwa ofisini haiwezi kulalamika pamoja na ile isiyo nayo hata moja. Kwa kazi za mwanzo kompyuta ya kawaida yatosha, na wanafunzi wanne waweza kushirikiana moja.

Wataunda nini? Sisi tungependekeza waanze na mbuzi ya kukunia nazi. Ni kitu kilichomo jikoni katika nyumba nyingi za pwani. Kina mbao chache tu zinazokunjuka, na ulimi wa chuma wenye meno. Mwanafunzi akipime kwa futi kamba, aandike vipimo katika daftari, achore pande zake tatu, ndipo awashe kompyuta. Katika meno yale atajifunza kurudia umbo moja kwa mzunguko. Katika maungio ya mbao atajifunza kwamba sehemu mbili zinazogusana hazipaswi kuzama moja ndani ya nyingine. Kisha katika ngozi atajifunza kutazama: ubao umeng'aa pale watu wanapokalia miaka yote, umebaki na ukwaru pembeni, chuma kina kutu shingoni, lakini meno yake ni meupe kwa kutumika. Aliyetia rangi moja kote ameunda mbuzi isiyopata kukuna nazi. Kwa njia hiyo kijana atajua kuisoma kazi ya watu katika vitu vyao.

Kutoka hapo waende kwenye kigoda, ngoma, mtumbwi, na mwisho mlango wa nakshi wenye miimo, kizingiti na mfaa wake. Kila kitu kiwe kikubwa kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kikamilike. Tunalikazia neno hili, kwa kuwa ugonjwa wa wanafunzi wengi ni kuanza kumi na kutomaliza hata kimoja. Wagawane kazi katika kundi, mmoja apime, mmoja aunde, mmoja avike ngozi, mmoja akague. Na kitu kingine kinapoanza, wabadilishane. Kundi lenye bingwa mmoja na watazamaji watatu halijajifunza kitu.

Na siku ya kukagua, asiitwe mwalimu peke yake. Aitwe seremala aje aseme kama mlango ule ungeweza kusimama. Aitwe fundi wa mitumbwi. Mfanyakazi aliyetumia mikono yake miaka thelathini ana elimu ambayo shule haina, na hapo ndipo atakapoitoa mbele ya vijana kwa heshima anayostahili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alilaumu elimu inayomtenga msomi na jamii yake na kumfanya adhani hekima yote imo vitabuni. Mkutano wa namna hii, wa kijana mwenye kompyuta na mzee mwenye randa, ndio dawa yake.

Faida yake haitaishia darasani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na kwa miaka kumi, kutoka 2004 hadi 2014, yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Wataalamu wa mradi wa Zamani, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walikuja kuyapima kwa miale na kuyahifadhi katika kompyuta. Twawashukuru. Lakini hatupendi kila jiwe letu lingoje mgeni. Huko Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta ukishaanguka, anayetaka kuujenga upya kama ulivyokuwa hutafuta vipimo na picha za kila pembe. Misikiti mingapi ya kale, boma ngapi, milango mingapi ya nakshi katika miji yetu haijapimwa na mtu? Hiyo ni kazi ambayo wanafunzi waliozoea mbuzi ya nazi na kigoda wangeweza kuianza, wakisimamiwa na wajuzi, na jambo walilolifanya shuleni likabaki kuwa mali ya taifa.

Kuna hatari mbili ambazo hatuna budi kuzitaja. Ya kwanza ni wizi. Katika mtandao yamejaa maumbo yaliyokwisha kuundwa, na mwanafunzi mvivu aweza kulichukua moja, akaliandika jina lake, akapewa alama. Daftari la vipimo ndilo kinga: asiye na daftari asipewe alama, hata kitu chake kiwe kizuri namna gani. Ya pili ni mashine mpya za akili mnemba, ambazo ukiziambia neno moja zakutolea umbo lenye ngozi yake katika muda mfupi. Hatusemi zipigwe marufuku. Chombo ni chombo. Twasema tu kwamba mtu ambaye hajapata kupima hawezi kujua mashine imekosea wapi. Ikimletea mlango usio na mfaa ataupokea na kushukuru, na makosa yake yatasambaa yakiwa na sura ya ukweli.

Juu ya yote, mitihani ibadilike. Ikiwa mwisho wa mwaka kijana ataulizwa ataje hatua tano za kuchonga umbo, basi walimu watafundisha kutaja, na wazazi watasema kweli wasemapo kwamba kompyuta ni mchezo. Ikiwa ataulizwa akionyeshe kitu alichokiunda, pamoja na daftari lake, na aeleze kwa nini ameweka mshono hapa na si pale, walimu watafundisha kutenda. Mtihani ndio unaoamuru darasa, hata sera iseme nini.

Tunawaomba wajumbe wa kamati na bodi za shule, ambao wengi wao ni wanachama wenzetu, waliulize swali hili katika kikao kijacho: kompyuta zetu zimewashwa siku ngapi mwezi uliopita, na wanafunzi wamekamilisha kitu gani? Wasikubali kujibiwa kwa idadi ya vipindi. Waombe kuonyeshwa.